Deni la Msafiri Apitaye Katikati ya Nchi

Hotuba kwa wanafunzi na watumishi wapya kutoka nchi jirani, iliyotolewa jijini Dodoma. Inawekwa hapa kwa ukamilifu kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu, walimu wenzangu, na ninyi wageni wetu mliotoka Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo na Sudan Kusini: mbukwenyi! Hiyo ni salamu ya wenyeji wa Ugogo, nchi hii ya Wagogo inayozunguka Dodoma, nami naitanguliza kwa sababu katika safari yoyote ya nchi hii salamu hutangulia nauli.

Nimeombwa niwaeleze namna ya kusafiri Tanzania. Ningeweza kuanza na Kilimanjaro, Serengeti na Zanzibar, kama wafanyavyo wengi, na hakuna ambaye angenilaumu. Mahali hapo ni pa fahari na ninawaombea nyote mpaone. Lakini itazameni ramani ya nchi hii, yenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba 940,000, nanyi mtaona kwamba karibu kila kinachotangazwa kwa mgeni kiko kaskazini au baharini, ilhali eneo hili la katikati, kuanzia Kongwa na Mpwapwa hadi Manyoni, Singida na Kondoa, watu hulivuka tu. Wengi hulivuka wamelala. Tangu mwaka 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku, na tangu Julai 2024 treni ya umeme inatoka Dar es Salaam hadi Dodoma kwa saa chache, kwa mwendo unaoweza kufika kilomita 160 kwa saa. Ninayafurahia maendeleo hayo kwa moyo wote, kwa maana nimeona wagonjwa, wanafunzi na wafanyabiashara walivyorahisishiwa maisha. Hata hivyo nawauliza: mtu aliyelala tangu Morogoro hadi Shinyanga, akishuka asubuhi na kujinyoosha, ameiona nchi gani?

Neno langu kwenu leo ni moja. Anayepita katikati ya nchi hii ana deni kwa njia anayoipita na kwa watu wanaoishi kando yake, na deni hilo hulipwa mchana, kwa kusimama.

Wazee wetu walilijua deni hili vizuri. Katika karne ya 19, kabla ya reli na kabla ya lami, njia kuu ya kwenda bara ilianzia pwani ya Bagamoyo, ikapanda hadi Mpwapwa, ikaingia Ugogo, ikaendelea hadi Unyanyembe karibu na mji wa Tabora wa leo, na kutoka hapo ikafika Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Wapagazi, ambao wengi wao walikuwa Wanyamwezi, walishuka pwani na meno ya tembo, wakarudi na nguo, shanga na nyaya za shaba. Tusisahau kwamba katika njia hiyo hiyo walipitishwa watumwa waliofungwa minyororo, na yeyote kati yenu atakayefika Mpwapwa ninamwomba asimame kidogo alikumbuke hilo kabla ya kutafuta chakula.

Baada ya Mpwapwa msafara ulikabiliana na nyika kavu iliyoitwa Marenga Mkali, mwendo wa takriban kilomita 50 bila maji ya kutegemea. Watu walijaza vibuyu, wakaondoka alasiri, wakatembea hadi giza, wakalala palipo pakavu na kuamka alfajiri kuendelea. Waliovuka salama walikuta nini ng'ambo ya pili? Walikuta visima, walikuta mtama, walikuta mifugo, na walikuta watu waliovichimba visima hivyo kwa mikono katika nchi ambayo mvua hunyesha msimu mmoja tu kwa mwaka. Watemi wa Ugogo waliwadai wasafiri ushuru wa njia, uliojulikana wakati ule kama hongo, na msafara ambao haujaelewana nao haukuwa na uhakika wa maji wala wa kupita. Majadiliano yaliweza kuchukua siku kadhaa: nguo hii haitoshi, ongeza nyingine, mtemi hajaridhika, rudini kesho.

Wasafiri wa Ulaya waliopita hapa, akiwamo Henry Morton Stanley mwaka 1871 alipokuwa akimtafuta Livingstone, waliandika manung'uniko mengi juu ya ushuru huo, na kwa miaka mingi watu wameyasoma maandishi yao na kumwona Mgogo kama kizuizi njiani. Mimi nimefundisha historia maisha yangu yote ya kazi, na kila mwaka niliwauliza wanafunzi wangu maswali yale yale ninayowauliza ninyi. Maji yalikuwa ya nani? Nafaka iliyowalisha mamia ya wapagazi kila msimu ilikuwa ya nani? Mtemi mwenye visima vichache, akitazama msafara mkubwa unaokuja na kiu ya siku mbili, huku watu wake na ng'ombe wake wakitegemea visima hivyo hivyo hadi Desemba, je, hakuwa na haki ya kuuliza wanaotaka kunywa watatoa nini? Kwangu mimi jibu ni wazi. Ushuru ule ulikuwa njia ya kumlazimisha mpita njia akiri kwamba amepita katika nchi yenye wenyewe.

Leo hakuna mtemi atakayewasimamisha. Tiketi mnainunua kwa simu, basi linaondoka, dirisha limefungwa. Ushuru umeondoka, lakini nchi bado ina wenyewe, na kwa hiyo deni limebaki, na sasa limeachwa mikononi mwa msafiri alipe kwa hiari yake. Mtalilipaje?

Mtalilipa kwa salamu, na tafadhali msiichukulie salamu kuwa jambo dogo. Ukiingia katika basi na jirani yako ni mtu mzima kukuzidi, unamwamkia shikamoo kabla hujaweka mizigo, unamuuliza habari za atokako, ndipo unakaa. Mwanafunzi mmoja kutoka Burundi alinisimulia kwamba alipanda basi la mchana kwenda Singida, akakaa na mama mmoja aliyekuwa akirudi kwake na magunia matupu ya alizeti. Walianza kwa salamu tu. Walipofika Bahi mama alimwonyesha mbuga zenye majaruba ya mpunga, akamweleza kwa nini nchi kavu kama hii inalima mpunga. Walipofika Manyoni akamwambia kwamba asali nzuri inatoka upande wa Itigi, kwenye vile vichaka vinene vinavyojulikana kwa jina la mji huo. Na walipokaribia Singida, ambako miamba mikubwa ya mviringo imesimama juu ya ardhi kila upande, akamshauri asikimbilie basi la kuunganisha bali ashuke aone Ziwa Singidani, ambalo maji yake ni ya chumvi na ambalo ndege aina ya korongo na heroe hulipenda. Kijana yule alishuka. Aliniambia kwamba katika saa zile tano alijifunza mambo ya uchumi wa kanda hii ambayo hakuyakuta darasani, na mimi naamini hivyo, kwa sababu mama aliyemfundisha anaishi kwa mambo hayo.

Ndugu wageni, hakuna mwongozaji aliye bora kuliko jirani wa kwenye kiti. Naye hana malipo. Anachohitaji ni kwamba uanze wewe, kwa sababu wewe ndiye mgeni na ni mdogo wake.

Sasa niwapeleke Kolo, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ni mahali ninapopapenda kuliko pote katika kanda hii.

Kolo ni kijiji kilichoko kaskazini mwa mji wa Kondoa, kando ya barabara ya Dodoma kwenda Babati, ambayo ni sehemu ya ile njia kuu ya kutoka Cape Town hadi Cairo na ambayo ilifunguliwa rasmi ikiwa na lami mwaka 2018. Kabla ya hapo safari hii ilikuwa ya vumbi na mashimo, na wakati wa masika ilikuwa ya kusukuma gari. Leo ni mwendo wa takriban kilomita 180 kutoka hapa tulipo. Katika milima iliyo juu ya Kolo na vijiji jirani kuna mapango na miamba iliyoinama, kati ya 150 na 450 kwa makadirio ya wataalamu, ambayo watu wa kale waliichora. Mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey alikaa Kolo mwaka 1951 akinakili michoro hiyo kwa mkono, na mwaka 2006 UNESCO iliiingiza michoro ya miambani ya Kondoa katika orodha ya urithi wa dunia. Mtawaona watu warefu, wembamba, waliochorwa kwa rangi nyekundu, wengine na nywele zilizotimka kama miale. Mtawaona pofu, twiga na tembo. Na juu ya hao, katika baadhi ya miamba, mtaona michoro ya baadaye iliyochorwa kwa rangi nyeupe.

Niliwahi kufuatana na kundi la wageni hadi huko. Tulipita kwanza katika ofisi ya Mambo ya Kale kijijini kulipa kibali na kupewa mwongozaji, kwa maana mtu haruhusiwi kupanda peke yake. Tulipanda kwa miguu mteremko mkali wenye mawe, tukafika chini ya mwamba tukitweta, na mmoja wa wageni, mtu mwenye haraka ya kupiga picha, akasema kwamba haoni kitu. Akafungua chupa yake ya maji ili aulowanishe mwamba rangi zitokeze. Mwongozaji akamshika mkono kwa upole. Akamweleza kwamba maji yanapokauka huacha chumvi juu ya mchoro, na kwamba michoro kadhaa imefifia kwa sababu ya wageni waliotaka ing'ae kwa dakika moja tu ya picha. Kisha akatuomba sote tukae chini, tunyamaze, tungoje macho yatoke katika jua na kuzoea kivuli. Tulikaa. Haukupita muda mrefu, mtu wa kwanza akasema, yule pale. Mwingine akasema, na yule, na mkono wake. Yule mwenye chupa ndiye aliyekuwa wa mwisho kuinuka, na tulimsubiri.

Mnaona sasa ninachokiita deni? Mwamba ule hauhitaji fedha ya mgeni peke yake, ingawa fedha ya kibali inasaidia kuutunza. Unahitaji muda wake. Na kuna jambo zaidi. Miamba hii kwa wenyeji si makumbusho. Huko Mungomi wa Kolo wazee bado hupanda kufanya matambiko ya kuomba mvua na ya uponyaji, na UNESCO ilipoutambua urithi huu ilitaja pia uhusiano huo ulio hai kati ya wenyeji na miamba yao. Kwa hiyo ukifika ukaambiwa kwamba leo upande fulani hauendeki, usibishane, usiulize mara ya pili, wala usitoe noti mfukoni. Geuka, uende mwamba mwingine; iko mingi.

Nije kwenye jambo la majira, ambalo linagusa usalama wenu. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, unaoanza kati ya mwisho wa Novemba na Desemba na kukoma Aprili, na jumla ya mvua ya mwaka mzima ni wastani wa milimita 550 hadi 600. Mgeni akisikia kwamba nchi ni kame hudhani hatari yake ni kiu. Wenyeji watawaambia kwamba hatari kubwa ni korongo, yaani lile bonde jembamba lililochimbwa na maji ya mvua. Makorongo yetu ni makavu kwa miezi mingi, watu huyakata kwa miguu na kuchota mchanga, ng'ombe hulala humo. Kisha mvua inanyesha milimani, mahali msipopaona, na maji yanakuja yote kwa pamoja. Reli ya zamani, iliyojengwa na Wajerumani kuanzia mwaka 1905 na kufika Dodoma mwaka 1910, imekatwa na mafuriko mara nyingi katika kipande cha kati ya Kilosa na Gulwe, na hiyo ni reli ya chuma juu ya tuta la mawe. Gari dogo litafanya nini?

Nilikuwapo siku moja katika barabara ya vumbi wilayani Mpwapwa wakati dereva wetu alipotaka kuvuka korongo lenye maji ya kufika vifundo vya miguu. Mbingu juu yetu ilikuwa safi. Mvulana aliyekuwa akichunga mbuzi ng'ambo ya pili alipaza sauti na kutupungia mikono tusishuke. Dereva alikuwa mtu mzima mwenye uzoefu, na angeweza kumpuuza mtoto; hakumpuuza. Alizima gari. Tulikuwa bado tunazungumza habari za chakula cha jioni tulipousikia mngurumo, na maji yakaja ya rangi ya udongo yakibeba matawi na gogo zima la mti. Tulikaa pale hadi usiku, na tukavuka kwa usalama. Ninamshukuru mtoto yule hadi leo, na ninamshukuru dereva aliyekubali kufundishwa na mchungaji. Kwa hiyo nawasihi: mkifika kwenye korongo lenye maji, msivuke. Narudia: msivuke. Kaeni, ulizeni wenyeji, ngojeni yapungue.

Kwa wanaotaka kuona nchi ikiwa kijani, njooni Februari na Machi. Mibuyu ina majani, na zabibu za msimu wa kwanza zinavunwa. Naam, zabibu; mizabibu ya Dodoma, iliyostawishwa na wamisionari huko Bihawana na baadaye kuenea hadi Makutupora, Hombolo na Mvumi, huzaa mara mbili kwa mwaka, na mavuno ya pili ni kati ya Agosti na Septemba. Nunueni shambani au barabarani kwa mkulima mwenyewe. Wanaokuja Juni na Julai wabebe sweta, maana tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na upepo wa usiku hapa ni mkali.

Kuhusu sheria nitasema machache, kwa kuwa mengi mnayajua. Hati ya kusafiria iwe karibu nanyi, na wanaotoka nchi zenye homa ya manjano wawe na kadi ya chanjo. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Juni 2019, msije nayo. Msipige picha kambi za jeshi, Ikulu ya Chamwino wala madaraja. Anayeendesha gari akumbuke kilomita 50 kwa saa mahali penye makazi, na makazi katika barabara zetu ni mengi.

Niruhusuni sasa niwataje Kongwa, kwa sababu kuna deni jingine huko ambalo linatudai sisi Waafrika sote. Kongwa iko takriban kilomita 90 mashariki mwa jiji hili, ukiiacha barabara kuu ya Dar es Salaam. Waingereza walianzisha huko, mwaka 1947, mradi mkubwa wa kulima karanga, wakaleta matrekta na kujenga mji, bila kuwasikiliza wenyeji waliojua udongo na mvua za mahali pale. Mwaka 1951 mradi uliachwa. Baada ya uhuru, kuanzia mwaka 1964, mahali hapo hapo palikuja vijana wa vyama vya ukombozi: FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia, na baadaye wengine wa MPLA ya Angola na ZAPU ya Zimbabwe, wakaweka kambi za kujiandaa kwa ukombozi wa nchi zao. Samora Machel, aliyekuja kuwa rais wa Msumbiji, alikuwa Kongwa. Chris Hani, mpiganaji wa ANC, alikuwa Kongwa. Walikuwa vijana wa umri wenu, ugenini, na wanakijiji wa Ugogo waliwauzia mtama na kuku, wakawachezea ngoma, wakawapa wake, na wakawazika waliofia huku.

Miaka kadhaa iliyopita nilimsindikiza Kongwa mwanamke kutoka Namibia ambaye mjomba wake aliishi kambini. Hakuwa na anwani; alikuwa na picha moja tu. Tulikwenda kwa wazee, tukasalimia, tukakaa chini ya mti, na kwa muda mrefu hakuna aliyesema lolote kuhusu picha ile. Waliuliza kwanza habari za Namibia: mvua zilinyesha? watu wanakula nini? ng'ombe wapo? Mgeni wangu alijibu kila swali kwa subira. Ndipo bibi mmoja akaomba picha, akaisogeza karibu na macho, akasema kwamba huyu hakumfahamu, lakini kofia ile na kiatu kile anavikumbuka, kwani waliokuwa wakivaa hivyo walikuja kununua maziwa kwa mama yake. Kisha akaimba, kwa lugha asiyoielewa, mistari ya wimbo ambao vijana wale waliuimba asubuhi wakikimbia. Mgeni wangu aliielewa. Aliuitikia.

Nani kati yetu angeweza kununua tiketi ya jambo hilo? Wako wazee wachache waliobaki wenye kumbukumbu hizi, na wanaishi kando ya barabara ambayo mabasi mengi huipita usiku. Ninyi ni vijana, mna lugha nyingi, mna vinasa sauti katika simu zenu. Nendeni mkawasikilize wangali hai. Ombeni idhini kwa mwenyekiti wa kijiji, pelekeni sukari na majani ya chai kama ilivyo desturi ya kumtembelea mzee, na msiondoke bila kula mlichopewa, hata kama ni ugali wa uwele na mlenda ambao hamjauzoea.

Tutaanza na Kolo Jumamosi ijayo. Gari litaondoka hapa saa 12 asubuhi na kurudi jioni, na tutasimama Kondoa kula. Kila mmoja aje na viatu vya kufunga, kofia, maji ya kunywa ya kutosha siku nzima, na fedha taslimu kwa ajili ya kibali na ya kumpa mwongozaji ahsante. Safari ya Kongwa itafuata mwezi ujao, baada ya kuwaandikia wenyeji na kupata majibu yao. Majina yaandikwe kwa katibu kabla ya Alhamisi, na maswali ambayo leo hatukuyafikia tutayajibu ndani ya gari.

Asanteni sana kwa kunisikiliza.